Mwenye Ardhi Aliyekufa Mpaka Saa Kumi na Moja

Sehemu ya Saba

Jeneza lilipiga chafya.

Hapana, msomaji, hukusoma vibaya Jumamosi iliyopita, wala mchapaji wetu hakuwa amelewa. Sebuleni kwa Bwana Lionel Cheveley, mjini Bexhill, saa kumi kasorobo mchana, jeneza la mwaloni lenye vishikio vya shaba lilipiga chafya moja nzito ya mtu mzima, mvuta kiko.

Bi Beryl Tapsell hakupata muda wa kufikiri. "Afya!" akasema.

"Ahsante," likajibu jeneza.

Watu watatu waliokuwa wamesimama pale wakatazamana.

"Ni mimi," akawahi Bi Ottilie, dada wa marehemu, akijifuta macho yaliyokuwa makavu. "Nimepiga chafya mimi. Na nimejishukuru mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa."

"Kwa sauti nzito hivyo?"

"Msiba unakausha koo, mama."

Sasa, kwa wewe uliyelikuta gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi na hujui tulikotoka, nitakueleza upesi kabla maiti hajapiga chafya nyingine.

Bi Beryl ni mjane wa miaka sabini na mmoja. Alifundisha watoto wa Bexhill kuogelea kwa miaka thelathini na miwili. Anaishi ghorofa ya juu kabisa ya jumba la zamani, ngazi sitini na nne, lifti hakuna, na magoti yake yameshagoma. Amepata kinyumba kidogo kijijini Pevensey, kisicho na ngazi hata moja, chenye mti wa tufaha. Amepata na wanunuzi wa ghorofa yake, mke na mume, wote madaktari wa meno. Kilichobaki ni hati.

Maana ghorofa ile hakuinunua milele. Aliinunua kwa miaka, na ardhi chini yake ni ya Bwana Cheveley. Miaka ile imeliwa, imeliwa, na leo hii imebaki themanini kamili. Kesho asubuhi itakuwa themanini kasoro siku moja, na hiyo siku moja ndiyo kisu. Hati ikishuka chini ya themanini, bei ya kuiongezea miaka inaruka juu, madaktari wa meno wanarudi kwao, na Bi Beryl anabaki juu ya ngazi zake mpaka atakaposhushwa na watu wanne.

Dawa yake ni karatasi moja: notisi ya kuomba nyongeza, apewe mwenye ardhi mkononi kabla ya saa kumi na moja jioni, leo.

Na ndiyo maana leo, saa tano asubuhi, mwenye ardhi alifariki dunia ghafla.

Katika kazi yake Bi Beryl alishasikia kila uongo wa mtu asiyetaka kuingia majini. Tumbo linauma. Sikio lina maji. Bibi amekufa. Mtoto mmoja alifiwa na bibi mara tisa. Lakini mtu kufa mwenyewe, hilo lilikuwa jipya.

"Nifungulieni hilo jeneza," akasema.

"Haiwezekani!" akalia Ottilie. "Amevimba."

"Amevimba tangu asubuhi?"

"Alianza zamani."

Hapo akaingilia Gethin Pugh, jirani yake Bi Beryl wa ghorofa ya chini yake. Gethin ni Mwelsh, mnene, mpole, na alikuwa mchinjaji wa bucha kabla ya kustaafu. Alikuwa amekuja kama shahidi.

"Dada Ottilie," akasema taratibu, "mimi nimefanya kazi na maiti miaka arobaini. Za ng'ombe, nakubali. Za nguruwe pia. Lakini sijapata kuona hata moja iliyosema ahsante."

"Kwa sababu hukuwahi kuwaombea afya!"

Gethin akafikiri. Ilikuwa kweli, hakuwahi.

Bi Beryl akatoa simu na kumpigia wakili wake, Bwana Nuttall, mtu mwangalifu ambaye hata kukuamkia alikuwa anakuamkia kwa masharti.

"Bwana Nuttall, mwenye ardhi amekufa."

"Oh. Pole. Basi huwezi kumpa notisi. Maiti hapokei. Utasubiri mirathi ifunguliwe, na hiyo ni miezi."

"Na kama maiti anapiga chafya?"

Kurasa zikasikika zikifunuliwa. Nyingi.

"Sheria haijagusia chafya," akasema wakili hatimaye. "Kwa upande mmoja, chafya ni dalili. Kwa upande wa pili..."

Bi Beryl akakata simu.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini pale mlango ulipogongwa mara tatu kwa heshima. Akaingia mtu mrefu, mwembamba, suti nyeusi, kofia ndefu kaishika kifuani. Huyo alikuwa Bwana Ambrose Thackwray, mwenye shughuli ya mazishi pale mjini.

"Poleni sana na msiba," akasema kwa sauti ya kitambaa laini. "Tunaweza kuanza kumpakia."

"Mnampeleka wapi?" akauliza Bi Beryl.

"Tunamzungusha mjini kidogo, mama. Barabara ya bahari, mnara wa saa, kisha tunamrudisha."

"Mnamrudisha?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Maiti mnamrudisha nyumbani?"

Bwana Thackwray akainamisha kichwa. "Sisi hatuwaulizi wateja wetu maswali, mama. Kwa kawaida hawajibu."

"Huyu anajibu!" akasema Gethin. "Mwombee afya uone!"

Lakini Bi Beryl hakuwa anawasikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwa Ottilie. Alimwona alivyovaa: sweta juu ya sweta, na juu yake koti, na glovu zilizokatwa vidole, ndani ya nyumba, mwezi wa Machi. Alivyotazama chai aliyomiminia wageni kama mtu anayejua kifuko kile kile cha majani kimeshatumika Jumatano.

Mwalimu wa kuogelea hujifunza jambo moja: usihangaike na anayepiga kelele, mtazame anayetetemeka.

"Ottilie," akasema kwa upole, "kaka yako ameacha mke?"

"Mke? Nani angemchukua?"

"Watoto?"

"Hana."

"Basi msimamizi wa mirathi ni nani?"

Kitu kikaanza kuamka usoni mwa Ottilie, polepole, kama taa ya zamani ya barabarani.

"Ni mimi," akasema.

"Na mrithi?"

"Ni mimi." Akakaa chini. "Ngoja kwanza. Kama Lionel amekufa, basi jumba lile ni langu."

"Kama amekufa."

"Na nyumba hii ni yangu."

"Kama amekufa, mpenzi. Wewe ndiye unayejua."

Jeneza likagongwa mara moja kutoka ndani. Hakuna aliyeshughulika nalo.

"Miaka thelathini na tisa nimempikia uji," akasema Ottilie, akisimama. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Uji wa maji! Hita ya nyumba hii haijawashwa tangu mama afe. Krismasi ananipa soksi zake. Zake! Alizovaa!"

"Ottilie," likasema jeneza kwa sauti ya chini ya kuonya.

"Usinisemeshe, marehemu. Bi Beryl, lete hiyo notisi yako. Kama mrithi na msimamizi, naipokea kwa mikono miwili. Na nikishaipokea," akaendea ukutani, "nawasha hita."

"Ottilie, usithubutu."

"Nyuzi ishirini na tatu!" akapiga kelele Ottilie, na akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Mabomba yakaguna. Yakakohoa. Kisha moto ukawaka mahali fulani chini ya sakafu, nyumba nzima ikatoa pumzi ya joto iliyokuwa imezuiwa kwa miaka mingi, na hapo, wasomaji wangu, kifuniko cha jeneza kikaruka kama kifuniko cha sufuria ya wali.

"ZIMA HICHO KITU!"

Bwana Lionel Cheveley alisimama ndani ya jeneza. Juu alivaa koti jeusi la mazishi na tai. Chini, kwa vile nusu ile haikukusudiwa kuonekana, alivaa suruali ya kulalia yenye picha za bata.

Bi Beryl hakusubiri. Magoti mabovu hayo hayo yakamfikisha kwenye jeneza kwa hatua mbili, akambandika karatasi kifuani.

"Lionel Cheveley, umepokea notisi ya kuongezewa miaka ya hati yangu. Saa kumi na dakika thelathini na nane."

"Nimeshuhudia!" akanguruma Gethin.

"Hata mimi," akasema Ottilie, akivua glovu.

Bi Beryl alihisi kifua kikifunguka. Aliuona mti wa tufaha. Alijiona anatoka mlangoni moja kwa moja hadi kwenye nyasi, hashiki ukuta, hahesabu chochote, hapumziki katikati. Alitaka kulia, na akajiambia atalia baadaye, kwenye kinyumba chake, kwa nafasi.

Lionel akaisoma notisi. Akaisoma yote, akifuata kila mstari kwa kidole. Kisha akaanza kucheka.

Kilikuwa kicheko kibaya cha mtu asiyecheka mara kwa mara. Bata wote wakatikisika.

"Karatasi nzuri sana, Beryl. Imeandikwa vizuri. Tatizo ni dogo tu: ghorofa yako si yangu."

"Si yako vipi?"

"Nimeuza. Leo, saa sita kamili. Nyumba iliyobaki ni yangu bado, lakini ghorofa ya juu na kipande cha ardhi kinachoihusu, nimeuza kihalali kabisa. Saini, shahidi, muhuri."

"Saa sita ulikuwa umeshakufa!"

"Nilikuwa nimekufa kwa majirani. Kwa mwanasheria nilikuwa hai."

"Umemuuzia nani?"

Lionel akaketi kwenye ukingo wa jeneza, akalipapasa kwa mapenzi. "Beryl, wewe unanijua miaka mingi. Huu ni mwaloni. Hivi ni vishikio vya shaba. Gari la maiti, maua, mzunguko wa mji mzima. Unafikiri nimelipia kwa kitu gani? Kwa pesa? Mimi?"

Wote wakageuka kwa pamoja.

Pale aliposimama Bwana Thackwray hapakuwa na mtu. Sandwichi mbili za tango zilikuwa zimetoweka kwenye sahani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na nje, kwa adabu na utaratibu, injini ya gari ikawashwa.

Bi Beryl akabonyeza simu. "Bwana Nuttall! Mwenye ardhi amefufuka lakini ameuza!"

"Kwa nani?"

"Mzishi!"

Mara hii wakili hakufunua ukurasa wowote. Labda alikuwa ameshakata tamaa na vitabu. "Kata jina la Cheveley," akasema. "Andika la mzishi. Weka saini pembeni. Mpe mkononi kabla ya saa kumi na moja. Bi Beryl, hapa sisemi kwa upande huu wala ule. Kimbia."

Bi Beryl akampokonya Lionel notisi. Kalamu ikatoka kwa Ottilie. Jina likakatwa, jipya likaandikwa. Bi Beryl akageuka kuelekea mlangoni.

Mlangoni alisimama Gethin.

Alijaza mlango wote, kofia mkononi, uso umemwiva.

"Gethin, nipishe."

"Beryl, nisikilize kidogo tu."

"Sina kidogo! Nina dakika kumi na saba!"

"Ukikosa," akasema Gethin, akitazama kofia, "si utabaki?"

Bi Beryl akasimama.

"Miaka kumi na mmoja nakusikia juu ya dari yangu," akasema yule mchinjaji. "Saa moja unavaa viatu. Saa mbili unaweka redio. Jumapili unahamisha kabati, sijui kwa nini, kila Jumapili. Nikizidisha sauti ya televisheni unanigongea kwa ufagio. Wakija hao wa meno, nani atanigongea?"

Nyuma yao Lionel alikuwa anapigania kitufe cha hita na dada yake. Bi Beryl hakuwasikia. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyu alimbebea viazi mpaka juu, akiviweka mlangoni, akishuka bila hata kuomba maji. Alidhani ni ukarimu wa Wawelsh tu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekukaribisha chai. Gethin, tazama. Magoti haya yamekwisha. Majira ya baridi nilikaa siku tisa bila kushuka, kwa sababu niliogopa sitaweza kupanda. Siku tisa nilitazama barabara kwa dirisha. Ukinizibia mlango huu, utanisikia juu ya dari, sawa. Lakini utakuwa unamsikia mfungwa."

Gethin akatazama chini kwa muda ambao kwa Bi Beryl ulikuwa mrefu kuliko hati yake.

Kisha akajitoa mlangoni.

"Peke yako hufiki," akasema, akavaa kofia. "Shika mkono wangu."

Wakatoka.

Sasa, gari la maiti lina jambo lake. Halikimbii. Tangu siku ya kwanza ya kazi Bwana Thackwray hakuwahi kuliendesha zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea na mawazo mengi, na hata leo, akiwa mkimbizi, mguu wake haukujua mwendo mwingine. Lilikuwa linateleza barabarani polepole, jeusi, linang'aa, halina maiti, limejaa maua.

Na nyuma yake walikuja wazee wawili, mbio. Mbio hizo ungeweza kuzipita ukiwa unamenya chungwa, lakini zilikuwa mbio.

"Bwana Thackwray! Simama!" akapiga kelele Bi Beryl, kwa sauti ile iliyowahi kuwatoa watoto mia moja kwenye bwawa kwa mara moja. "Simama, nakwambia!"

Wapita njia wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja mwenye mbwa wawili akaweka mkono moyoni.

"Maskini," akasema. "Mume wake huyo."

"Si mume wangu!" akahema Bi Beryl.

"Wote husema hivyo mwanzoni," akasema yule mama, akamkumbatia mzima mzima. "Lia, mpenzi. Lia tu. Mwache aende."

"Sitaki aende! Nina notisi yake!"

"Kila mtu anaomboleza kwa njia yake."

Mzee mwingine akamshika Gethin bega. "Kaka, mtulize. Mwambie yuko mahali pazuri."

"Yuko gia ya kwanza!" akalia Gethin, akimng'oa Bi Beryl kutoka kwenye kumbatio. Mbwa mmoja alikuwa ameshauma ukingo wa karatasi, ukachanika kipande, kwa bahati upande usio na saini.

Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu gari likasimama. Watoto wa shule ya chekechea walikuwa wanavuka wawili wawili wakiwa wameshikana mikono, na Bwana Thackwray hakuwa mtu wa kupiga honi. Bi Beryl akalifikia. Akapiga kioo cha nyuma kwa kiganja. Akazunguka upande wa dereva, goti la kulia likiwaka moto, akaibandika notisi kwenye dirisha.

"Fungua kioo. Jina lako hili. Pokea."

Bwana Thackwray alimtazama kwa huzuni ya kweli. Alikuwa mtu mwema. Hata mimi ninayewasimulia sitamsema vibaya. Lakini mtu mwema naye huwa amepiga hesabu ya kesho.

"Poleni sana," yakasema midomo yake nyuma ya kioo.

Mtoto wa mwisho akafika ng'ambo. Bwana Thackwray akaivua kofia yake ndefu, akaiweka kiti cha pembeni, akaifunga mkanda. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa ya kusindikiza wafu, akaingiza gia ya pili.

Gari likaruka. Maua yakamwagika barabarani. Likapinda kona ya ufukweni kwa magurudumu yanayolia, na watu waliovua kofia wakabaki nazo hewani, wasijue kama wazivae.

"Dakika tisa," akasema Gethin, ameshika mbavu. "Beryl, basi. Tumejitahidi."

Bi Beryl alikuwa anatazama mbele ya duka la mkate. Pale palikuwa pameegeshwa kigari cha umeme, vile wanavyopanda wazee, chekundu, kina kikapu mbele na bendera ndogo nyuma. Mwenyewe alikuwa ndani ya duka, akibishana juu ya keki. Ufunguo ulikuwa unaning'inia.

Akaikunja notisi, akaitia ndani ya sidiria. Akainua goti bovu moja, kisha la pili, akakaa, akashika usukani.

"Gethin Pugh," akasema, "panda nyuma."